Mti wa Faili Kandoni mwa Kihariri-Matini: Mfano wa Data za Nyanjani kutoka Illasit

Illasit ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Ng'ambo ya mpaka pana Tarakea, iliyo katika Wilaya ya Rombo, Mkoa wa Kilimanjaro, nchini Tanzania. Sikio la mtafiti hukutana hapa na Kimaasai, Kichaga cha Rombo, Kikamba na Kikuyu, na juu ya lugha hizo zote kuna Kiswahili, ambacho ndicho daraja la muuzaji na mnunuzi. Kiswahili chenyewe kina sura mbili: cha matatu upande huu na cha daladala upande ule. Kwa mwanafunzi anayetafiti msamiati wa biashara au fasihi simulizi, ni mahali penye mavuno tele.

Hata hivyo, pana mtego mmoja mdogo ambao aghalabu hauonekani mpaka mtafiti arudi chuoni na kuketi mbele ya tarakilishi yake. Mtego huo ni jina Rombo. Iko Rombo ya Kenya, ambayo ni wadi katika eneobunge la Kajiado Kusini, na iko Rombo ya Tanzania, ambayo ni wilaya nzima. Mwanafunzi aliyenukuu mahojiano ya pande zote mbili na kuziita faili zake "rombo1", "rombo2" na "rombo3" amekwisha kuzichanganya nchi mbili kabla hajaandika sentensi ya kwanza ya uchambuzi. Makala haya yanaeleza jinsi mti wa faili ulio kandoni mwa kihariri-matini unavyofanya kazi, jinsi unavyopangwa, na jinsi mpangilio wake unavyoweza kumsaidia mtafiti wa Kiswahili au kumpotosha bila yeye kujua.

Kihariri-matini na mti wake

Ni muhimu kwanza kutofautisha kihariri-matini na programu ya kuchakata maneno ambayo wengi hutumia kuandikia tasnifu. Programu ya kuchakata maneno huhifadhi pamoja na maneno yenyewe aina ya herufi, ukubwa wake, pambizo, rangi na mambo mengine mengi ya sura ya ukurasa. Kihariri-matini huhifadhi herufi peke yake. Faili yake ni ndogo, hufunguka katika tarakilishi yoyote, na haitegemei kampuni fulani iendelee kuwepo. Kwa mahojiano yaliyonukuliwa, methali, vitendawili na ngano, hicho ndicho kinachohitajika. Mifano ya vihariri hivyo ni Vim (1991), Notepad++ (2003), Sublime Text (2008) na Visual Studio Code (2015). Mifano ya makala haya imetolewa katika hicho cha mwisho kwa kuwa hakilipiwi na hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS, ingawa kanuni zinazoelezwa zinahusu takriban vihariri vyote vya aina hii.

Sifa kubwa ya kihariri cha kisasa ni kuwa mtumiaji hafungui faili moja moja tu, bali anaweza kufungua kabrasha zima. Akishafanya hivyo, upau hujitokeza kandoni mwa dirisha ukiwa na orodha ya kila kilichomo. Makabrasha huwa na mshale mdogo. Ukibofya mshale, kabrasha hufunguka na yaliyomo huonekana yakiwa yamesogezwa kulia kidogo. Orodha hiyo ndiyo inayoitwa mti.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa mti huo. Ameuchora tangu shule ya upili kila alipoambiwa achanganue sentensi kwa mchoro wa matawi. Juu kabisa huandika S, kisha KN na KT, kisha N, V, T na kuendelea hadi kwenye maneno yenyewe. Ule ni mti uliopinduliwa, mzizi juu na majani chini. Mti wa faili ni mchoro uleule uliolazwa ubavu: ngazi ambayo mchoro wa matawi huionyesha kwa kushuka, upau huionyesha kwa kusogea kulia. Neno "sokoni" lina maana moja likiwa chini ya KN na kazi nyingine likiwa chini ya KT, na hali kadhalika faili iitwayo "rombo" hupata maana yake kamili kutokana na tawi lililoibeba.

Wazo hili si geni katika uwanja wa tarakilishi. Mfumo wa faili wenye makabrasha ndani ya makabrasha ulielezwa mwaka 1965 katika mradi wa Multics nchini Marekani, na mwaka 1985 programu ya XTree iliwapa watumiaji wa tarakilishi ndogo mti wanaoweza kuuona kwa macho. Kilichokuja baadaye ni kuuhamishia mti huo ndani ya kihariri chenyewe.

Istilahi bado zinavutana. Wapo wanaosema folda, wapo wanaosema kabrasha, na wapo wanaotumia saraka. Makala haya yamechagua kabrasha kwa sababu neno hilo lilikuwa na kazi ofisini kabla ya tarakilishi: makabrasha ya mkutano ni karatasi za mkutano zilizofungwa pamoja. Neno linalokuja na picha yake halihitaji maelezo marefu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kuwa programu nzima ya ofisi inaweza kumsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Ni jambo la kusikitisha kwamba kati ya lugha zinazotolewa rasmi kwa menyu za Visual Studio Code, Kijapani, Kituruki na Kicheki zimo ilhali Kiswahili hakimo. Kwa hiyo majina ya mipangilio yatakayotajwa hapa chini ni ya Kiingereza, na hayana budi kuandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo.

Kuupanga mti uonekane

Tuseme mwanafunzi amefungua kabrasha la tasnifu yake nalo limepangwa hivi:

illasit-tasnifu
    ghafi
        ke-illasit
        ke-rombo
        tz-rombo
        tz-tarakea
    nakala
    sauti
    uchambuzi

Katika "ghafi" mna unukuzi wa kwanza kama ulivyotoka kwenye kinasa sauti, na huo haubadilishwi tena. Katika "nakala" mna nakala za kufanyia kazi, ambazo tahajia yake imesawazishwa na kuwekwa alama. "Sauti" ni rekodi zenyewe. Kila tawi la mahali linaanza kwa "ke" au "tz", na hapo suala la Rombo mbili limemalizika kwa herufi mbili tu. Hata mti ukifungwa, hata faili zikitumwa kwa barua pepe, mradi jina la faili nalo liwe na herufi hizo, nchi haipotei.

Mipangilio hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya mkato. Jambo la kwanza la kurekebisha ni umbali wa kusogea kulia, kwa sababu upau huja ukiwa na hatua ya pikseli 8 pekee kwa kila ngazi. Katika skrini ndogo ya tarakilishi pakatwa, mzazi na mtoto hukaribia kuwa sawa. Mpangilio unaoitwa "workbench.tree.indent" ukipewa 16 au 20, ngazi hutengana vizuri.

La pili ni "explorer.compactFolders". Mpangilio huu huja ukiwa umewashwa, na kazi yake ni kuunganisha katika mstari mmoja kabrasha lenye kabrasha moja tu ndani yake. Kwa mfano, iwapo "nakala" ina tawi la "tz-rombo" pekee, mti utaonyesha "nakala/tz-rombo" kana kwamba ni kitu kimoja. Watunzi wa programu hupenda ufupi huo. Kwa mtafiti anayeanza, ufupi huo unaficha umbo la mti wenyewe, na ni heri auzime.

Upau mzima huweza kufichwa na kurudishwa kwa Ctrl na B, jambo linalofaa wakati wa kusoma ngano ndefu bila bughudha. Anayependelea upau ukae kulia ataandika "right" katika "workbench.sideBar.location". Hayo ni mambo ya mazoea, na hayana haja ya kujadiliwa zaidi.

Mpangilio wa alfabeti unahitaji uangalifu zaidi. Mti huanza na makabrasha kisha faili, vyote kwa alfabeti, na Visual Studio Code hutambua tarakimu kiasi cha kuiweka "mahojiano2" kabla ya "mahojiano10". Programu nyingine nyingi hazifanyi hivyo, bali hutanguliza 10 kwa sababu 1 hutangulia 2. Anayeandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-09, atapata mfuatano uleule wa kweli popote faili zake zitakapofunguliwa. Tahajia ya majina ya mahali nayo huleta taabu. Illasit huandikwa pia Ilasit, na Loitokitok huandikwa Oloitokitok. Mwenye kutumia tahajia zote mbili za jina la pili atakuta mahojiano ya mji mmoja yamesambaa, mengine kwenye L na mengine kwenye O. Sharti achague moja na kushikamana nayo, hata kama wasailiwa wake wenyewe hawakubaliani.

Ni vyema pia kutoufanya utawala wa serikali kuwa matawi makuu ya mti. Mtafiti aliyepanga data zake kwa mikoa na wilaya za Kenya kabla ya mwaka 2013 alijikuta na tawi la Mkoa wa Bonde la Ufa ambalo halikuwa tena na mkoa, maana kaunti zilikuwa zimechukua nafasi yake. Mahali penyewe na tarehe havibadiliki kwa sheria mpya.

Herufi za Kimaasai kama ɛ, ɔ, ɨ na ʉ zinafaa kabisa ndani ya faili, almuradi faili ihifadhiwe kwa UTF-8. Katika majina ya faili ni afadhali ziepukwe. Aidha, majina yote yaandikwe kwa herufi ndogo. Katika Linux, "Rombo" na "rombo" ni faili mbili tofauti. Katika Windows, kwa kawaida, ni jina lilelile. Kabrasha lenye zote mbili likihamishwa kutoka mfumo wa kwanza hadi wa pili, moja inaweza kuiangamiza nyingine.

Kuficha na kuhesabu

Sehemu hii ndiyo nyeti zaidi. Mti wenye rekodi za sauti, faili za muda na nakala za akiba huwa msitu. Kihariri kinamruhusu mtumiaji kuficha asichotaka kukiona kwa mpangilio wa "files.exclude". Kwa mfano:

"files.exclude": {
    "**/*.wav": true,
    "**/*.bak": true
}

Nyota mbili zina maana ya "katika kabrasha lolote, kwa kina chochote", na nyota moja ina maana ya "jina lolote". Mstari wa kwanza unaficha kila rekodi ya aina ya wav, na wa pili unaficha kila faili inayoishia na bak. Hakuna kilichofutwa. Faili zote zingali mahali pake, ila mti hauzionyeshi.

Ugumu ni kwamba mti hauachi alama yoyote ya kuonyesha kuwa kitu kimefichwa. Hausemi "faili 14 hazionekani". Kabrasha ambalo yaliyomo yote yamefichwa huonekana tupu, na anayelifuta akidhani ni tupu amefuta yote yaliyokuwamo. Katika diski ya tarakilishi bado atayakuta kwenye pipa la taka. Katika flashi, ambako wanafunzi wengi huweka kazi zao, mara nyingi hakuna pipa.

Kibaya zaidi ni athari yake kwa utafutaji. Kinachofichwa kwa "files.exclude" huondolewa pia katika utafutaji wa kihariri. Mtu aweza kudhani kuwa hilo ni jambo la kifundi lisilomhusu mtu wa fasihi au isimu. Achukue mfano wa mwanafunzi anayetaka kujua iwapo neno "bodaboda", ambalo asili yake huhusishwa na mpaka mwingine, ule wa Kenya na Uganda, limeenea sawa upande wa Illasit na upande wa Tarakea. Amekamilisha nakala safi za mahojiano ya Kenya, na za Tanzania amefika nusu. Ili mti umpendeze, amelificha kabrasha la "ghafi". Anatafuta neno, anapata idadi, anaandika kwamba neno hilo linatumika zaidi upande wa Kenya. Idadi ni sahihi kwa kile kihariri kilichokiona, lakini hitimisho ni la uongo, na hakuna msailiwa hata mmoja aliyelisababisha. Limesababishwa na mstari mmoja wa mpangilio ulioandikwa miezi mitatu kabla.

Kutoficha kitu si dawa pia. "Ghafi" na "nakala" zikitafutwa pamoja, kila neno lililonakiliwa litahesabiwa mara mbili. Linalotakiwa ni kutenganisha kazi mbili ambazo upau huzichanganya. Kuficha ni kwa ajili ya jicho, na kuficheni yale tu yasiyo matini: rekodi za sauti, picha, faili za muda. Kuhesabu kuwekewe mipaka yake waziwazi kila mara. Njia nyepesi ni kubofya kabrasha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Find in Folder", ambapo utafutaji hubaki ndani ya tawi hilo peke yake. Mpaka huo huandikwa katika kisanduku kilicho juu ya matokeo, hivyo unaweza kunakiliwa kwenye daftari pamoja na idadi iliyopatikana. Msomaji wa tasnifu akiuliza "umehesabu wapi?", jibu lipo.

Wenye kutumia Git wajue jambo moja zaidi. Faili zilizotajwa katika ".gitignore" huweza kuonekana wazi kwenye mti na bado zikarukwa na utafutaji. Yaani kosa hutokea pia kinyumenyume: jicho linaona, hesabu haioni.

Hofu iliyomfanya mwanafunzi yule afiche "ghafi", yaani hofu ya kuibadilisha kwa bahati mbaya, ilikuwa ya haki, lakini ina tiba nyingine. Tangu mwaka 2023 kihariri kina mpangilio wa "files.readonlyInclude". Ukiandikiwa "**/ghafi/**" na thamani ya true, kila faili ya tawi hilo hufunguka kwa kusomwa tu, ikiwa na alama ya kufuli, na vidole vikiteleza kwenye kibodi hakuna kinachoandikika. Tawi linabaki mtini, linaonekana, linatafutika. Ulinzi huo ni wa kihariri hicho pekee. Programu nyingine haiutambui, kwa hivyo nakala ya akiba kwenye diski nyingine ingali lazima.

Mipangilio husafiri

Mipangilio yote iliyotajwa huweza kuwekwa katika ngazi mbili: ya mtumiaji, inayofuata tarakilishi yake, na ya kabrasha la kazi, inayohifadhiwa ndani ya kabrasha lenyewe katika faili iitwayo "settings.json" chini ya ".vscode". Ngazi ya pili ina faida kubwa kwa kazi ya pamoja, kwa kuwa wanafunzi watatu wanaotafiti Illasit kwa zamu wataona mti mmoja wenye umbo moja. Ina pia hatari yake. Mwanafunzi akimpelekea msimamizi wake kabrasha kwenye flashi, ufichaji wake husafiri nalo. Msimamizi akilifungua kwa kihariri hichohicho, haoni kilichofichwa, na hana sababu ya kushuku. Wawili hao watajadili data kwa saa nzima wakiwa wamefunikwa macho na kitambaa kimoja.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kukabidhi kazi, mwanafunzi afungue "settings.json" ya kabrasha na kusoma kila mstari ulio chini ya "files.exclude". Kisha alifungue kabrasha lilelile kwa programu ya kawaida ya faili ya tarakilishi yake, iliyoamriwa kuonyesha hata faili fiche, na kulinganisha tawi kwa tawi. Katika mzizi wa mti aweke faili moja ya matini, iitwayo "soma-kwanza.txt", inayotaja kilichofichwa na sababu yake, maana ya "ke" na "tz", tahajia aliyoichagua ya Loitokitok, na ni mahojiano yapi ya Tarakea ambayo bado hayajanakiliwa.